Mashimo ya Kipande cha Nne

Sura ya Tano

Phineas alipiga goti katikati ya barabara, akachomeka spoki ya baiskeli ardhini, nayo ikazama bila ubishi. Akaichomoa, akaipangusa kwa kidole gumba, akasogea mbele kidogo na kuichomeka tena. Ikazama tena. Ardhi iliyopitiwa na rola haimezi spoki namna hiyo. Huikunja.

"Bado unachimba viazi, mzee?" Injinia Griffin aliuliza kutoka garini. Alikuwa hajashuka. Dirisha lilifunguliwa kiasi cha kupitisha sauti tu, ili baridi ya kiyoyozi isitoke.

"Bado kidogo."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi, mwaka 2009, na mvua za Juba zilikuwa hazijaanza. Barabara ya kanisani ilishuka kutoka sokoni Jebel, mlima Kujur ukiwa nyuma yake, ikapita kanisani na kuishia penye duka la saruji. Serikali ilikuwa imetoa fedha za kuikarabati yote, pamoja na njia za waendao kwa miguu pande zote mbili. Vipande vitatu vya kwanza vilikuwa tayari: changarawe nyekundu, mitaro iliyonyooka, na njia za miguu zilizopangwa vibao vya saruji. Cha nne, kuanzia kanisani hadi dukani, kilikuwa vumbi tupu. Wanawake wenye madumu ya maji kichwani walipita humo wakiwa wamejifunga vitambaa puani.

Phineas hakuwa injinia. Alikuwa mpelelezi wa polisi Kitale kabla ya kuchukuliwa na ofisi inayosimamia fedha za barabara hapa Juba. Mambo ya barabara alijifunza kwa kuzitembea na kuwauliza waliozichimba. Kazi aliyopewa safari hii ilikuwa moja: kujua changarawe ya kipande cha nne ilikwenda wapi, kabla serikali haijailipa kampuni ya akina Griffin sehemu iliyobaki.

"Nieleze tena," alisema, akiwa bado amepiga goti.

Griffin alipumua kwa sauti. "Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, mwanzo wa Februari. Tulikuwa tunampakilia Lubega changarawe machimboni, yeye alete hapa. Mimi mwenyewe nilisimama hapa na rola siku zote tatu. Alileta mizigo michache tukaishindilia. Mingine akaenda kuuza. Yote iko kwenye taarifa yangu."

"Ulisimama upande gani?"

"Upande wa kanisa. Kuna kivuli."

Phineas aliifuata barabara akiwa ameinama. Mashimo aliyokuwa akiyatazama yalikuwa mengi, kila moja la kutosha mkono wa mtu mzima, na yalivuka barabara kutoka mtaro hadi mtaro. Katikati kulikuwa na safu ya yaliyoshuka wima. Pembeni, karibu na mitaro, yaliingia mshazari, yote yakiegemea nje. Mahali fulani ardhi ilikuwa nyeusi, imeungua ikawa ngumu kama tofali.

"Haya ni nini?"

"Vigingi vya wapima ardhi."

"Na hapa palipoungua?"

"Vibarua walichemsha chai. Mzee, jua hili litatuua. Nenda Lemon Gaba, kuna nyumba inajengwa karibu na tangi la maji. Utaiona changarawe yetu imelala pale. Halafu usaini tumalize."

Phineas aliinuka, akapangusa magoti. Chai ya vibarua haiunguzi ardhi upana wa kitanda. Na mpima ardhi anayepigilia vigingi mshazari angefukuzwa kazi. Aliiweka spoki mfukoni, akasimamisha bodaboda.

Hesabu iliyobaki ilikuwa fupi na mbaya. Lubega, dereva wa tipa kutoka Uganda, alikuwa ndani. Jumatatu angepelekwa kwa hakimu, na tipa lipigwe mnada kufidia kilichopotea. Polisi walingoja kitu kimoja tu, sahihi ya Phineas chini ya taarifa ya kampuni.

*

Nyumba ya Lemon Gaba ilikuwa imefika kwenye linta. Rundo lilikuwa pale kweli, kubwa, mbele ya geti. Fundi aliyekuwa akisimamia kazi, Mkenya mwenye kofia ya benki, alishuka kwenye jukwaa alipomwona mgeni akiokota kokoto na kuzipanga kiganjani.

"Hiyo si njugu, mzee. Utavunjika meno."

"Hii umenunua wapi?"

"Nani anauliza?"

Phineas alionyesha kitambulisho. Fundi akakisoma kwa makini, akacheka. "Ah, wa nyumbani! Naitwa Onesmus. Kumbe ni ile story ya Mganda. Polisi walikuja hapa wakapiga picha rundo langu kama bibi harusi."

"Walikuuliza ulinunua wapi?"

"Waliniuliza nani alileta. Nikawaambia lori la Mganda. Sasa, boss, Juba hii lori gani si la Mganda?"

Phineas alikuwa amegeuza kokoto ile upande mwingine. Ilikuwa ya kijivu, ya jiwe la mlimani, na kingo zake zilikuwa kali, kila moja na umbo lake. Mashine haivunji hivyo. "Hii imegongwa kwa nyundo," alisema.

"Si ya wale akina mama wa Jebel? Wanakaa chini ya mlima wanagonga mawe kutwa. Unanunua kwa rundo."

"Na changarawe ya barabarani, ile nyekundu, umewahi kununua?"

"Nyekundu nifanyie nini? Ukichanganya ile na simiti, ukuta unakuaibisha kabla mwenye nyumba hajahamia."

Phineas aliirudisha kokoto kwenye rundo, palepale alipoitoa. Onesmus alimwalika chai. Alishukuru, akasema siku nyingine, akapanda boda na kuondoka.

*

Katika kituo cha polisi, Inspekta Mogga alimpokea kwa mikono miwili. Alisoma Nakuru wakati wa vita na Kiswahili chake kilikuwa bado na vumbi la huko.

"Mganda wako ni mgumu," alisema. "Namuuliza changarawe ulipeleka wapi, ananiuliza changarawe gani. Kila siku hivyo hivyo. Tumekuwa kama watoto wa chekechea."

"Ulimuuliza siku zile tatu alikuwa wapi?"

"Hiyo iko kwenye taarifa ya injinia. Alikuwa anabeba changarawe."

"Lakini yeye ulimuuliza?"

Mogga alikuna shavu. "Hapana."

"Wewe unakaa upande ule wa Jebel?"

"Mimi? Hapana, nakaa upande wa Bilpam. Kule Jebel sina mtu."

Lubega aliletwa akiwa bila viatu. Alikuwa mtu mnene aliyeanza kupungua, na shati lilimning'inia. Alikaa ukingoni mwa benchi kama aliyepanda gari la mtu bila kualikwa.

"Shikamoo, mzee. Wewe ni mkubwa ya nani?"

"Si mkubwa wa mtu. Natafuta changarawe."

"Basi tukae wote hapa tutafute," Lubega alisema, na Mogga akashindwa kuzuia tabasamu. "Mimi iko hapa siku mingi. Changarawe ya kile kipande ya nne sijaona na macho. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mimi nilibeba. Ya nne hakuna mtu alinipakilia."

"Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, mwanzo wa mwezi uliopita. Tipa lilikuwa wapi?"

Lubega alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alitazama miguu yake.

"Lilikuwa kazini?"

Lubega alipandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Ulikuwa umelikodisha?"

"Mzee," Lubega alisema polepole, "gari si yangu. Gari ya mtu Kampala. Uliza mimi kitu ingine."

Mogga alimtazama Phineas kwa jicho la umeona sasa. Phineas aliomba kuliona tipa.

Lilikuwa limeegeshwa uani, magurudumu yamezama mchangani. Alilizunguka mara moja bila kugusa kitu. Mara ya pili alipanda ngazi ya ubavuni. Tipa linalobeba changarawe nyekundu huwa na wekundu katika kila ufa, na hili lilikuwa nao. Lakini juu ya wekundu huo, sakafuni, kulikuwa na mguu uliovunjika wa kiti cha plastiki. Na kwenye vyuma vya ubavuni, pande zote mbili, kulikuwa na vijiti vya mwarobaini vilivyofungwa kwa vitambaa vyeupe. Majani yalikuwa yamekauka na mengi yalishapukutika. Alikata kitambaa kimoja kwa kisu chake na kuondoka na kijiti.

"Hicho nacho?" Mogga aliuliza.

"Sijui bado," Phineas alisema, na ulikuwa ukweli. Huko kwao matawi mabichi kwenye gari yangeweza kuwa ya harusi, ya mazishi, au ya mbunge aliyeshinda.

*

Namukasa, mke wa Lubega, aliuza chakula sokoni Jebel, chini ya bati lililoshikiliwa na nguzo za mianzi. Phineas alikaa, akaagiza matoke na mchuzi wa karanga. Namukasa alimwekea sahani kwa kishindo kidogo.

"Wewe ni ule Mkenya ya ofisi."

"Ndiye mimi."

"Nyinyi mnakula meza moja na injinia. Pale hoteli ya makontena. Watu wanaona."

"Ni kweli. Tunakula meza moja."

"Basi leo kwa nini umekuja kula kwangu? Samaki imeisha kule?"

Phineas alikula robo ya sahani, kwa kuwa mtu hawezi kuagiza chakula akakiacha mbele ya aliyekipika. Kisha akatoa kile kijiti chenye kitambaa cheupe, akakiweka mezani kando ya chumvi.

Namukasa alikitazama kwa muda. Aliivuta benchi, akakaa.

"Umetoa kwa gari?"

"Ndiyo. Nimemuuliza mumeo siku zile, akanyamaza."

"Mimi nilimwambia, Baba Josline, sema! Anaogopa ule mtu ya Kampala. Alisema siku gari yangu itabeba watu, gari itarudi Kampala na dereva atabaki Juba na miguu yake."

"Kwani alibeba watu?"

"Alibeba maiti, ssebo. Na watu ya kuzika. Na viti, na maji. Mzee Fortunato Lokosang, katekista ya kanisa. Sisi tulipofika hapa na mtoto mgongoni, ni yule mzee alitupatia mahali ya kulala kwa uwanja yake. Sasa akifa, Baba Josline aseme nini? Gari inaogopa Kampala?"

"Alikufa lini?"

"Jumatano. Mwanzo ya Februari. Bika ilikaa mpaka Jumamosi jioni."

Neno hilo Phineas alilijua kwa kulisikia tu. Bika ni matanga ya watu wa Juba. Tangu afike mjini hakuwahi kukaa kwenye hata moja.

"Waliiweka wapi, hiyo bika?"

Namukasa alimtazama kama anayetazama mtu aliyeuliza jua hutokea wapi. "Barabarani! Huku mtu akifa wanafunga turubai barabarani, mtaro mpaka mtaro. Wanawasha moto, hauzimi. Gari haipiti. Baiskeli inazunguka nyuma ya kanisa. Na hakuna mtu anapiga honi, hata mwanajeshi. Sasa injinia anasema rola ilipita. Ilipita wapi? Juu ya wafiwa?"

Phineas alihesabu kwa vidole mezani. Mashimo wima ya nguzo. Mashimo mshazari ya kamba. Ardhi iliyoungua upana wa kitanda.

"Mumeo anajua kwamba Jumatatu tipa litapigwa mnada?"

Mkono wa Namukasa ulishuka mezani. "Mnada?"

"Hakuambiwa?"

"Yeye anakaa kule ndani analinda hiyo gari kwa mdomo yake," alisema. "Anafikiri akinyamaza, gari itapona."

Alifuta meza mahali palipokuwa safi. Kisha akasema kesho Jumapili ndiyo maombi ya mwisho ya mzee Fortunato, baada ya misa. Palepale.

"Watafunga tena turubai?"

"Watafanyia wapi ingine?"

Phineas alimaliza matoke yake yote. Neno la mke wa mshtakiwa lisingemtikisa hakimu mbele ya taarifa ya injinia yenye muhuri, na muhuri huo ungeweza kuvunjwa na mtu mmoja tu, aliyeugonga.

*

Hoteli ya makontena ilikuwa ukingoni mwa Nile. Wakenya wachache waliokaa humo walikuwa na meza yao, na jua lilipoanza kushuka walikusanyika hapo kwa ugali na samaki. Ndiyo meza pekee Juba ambayo mtu angemwita Phineas kwa jina kabla hajaketi. Alijaribu kumpigia simu mkewe Kitale kabla ya kwenda. Simu iliita mpaka ikachoka.

"Mzee wa spoki!" Griffin aliita. Alikuwa amevaa ndala, amenyoa, na mbele ya kiti kitupu alikuwa amefunika sahani. "Nimekuwekea kichwa. Huyu Virginia alitaka kukila, nikamwambia kichwa cha samaki kina mwenyewe."

"Amenipiga na mwiko," alisema Virginia wa benki.

Phineas alishukuru, akanawa. Griffin alijua kwamba anapenda kichwa, na Juba hakuna mwingine aliyelijua hilo.

"Umeenda Lemon Gaba?"

"Nimeenda. Nimeona rundo."

"Si nilikwambia?"

"Nina jambo dogo limebaki. Siku zile tatu ulizosimama pale, magari yalikuwa yanapita?"

"Kama kawaida. Bodaboda, pikapu za maji. Tulikuwa tunawasimamisha rola igeuke, kisha wanapita. Wengine nilikuwa nawapungia mkono."

"Hakuna siku barabara ilifungwa?"

"Ifungwe na nini? Ni barabara ya serikali."

"Kwa hiyo ungeapa hivyo mbele ya Inspekta Mogga."

"Hata mbele ya askofu. Mzee, kula, samaki anapoa."

Phineas alivunja ugali. "Basi kesho baada ya misa twende naye barabarani mara ya mwisho. Nikiona ninachotafuta, nitasaini ninachopaswa kusaini."

"Hapo umesema." Griffin alimmiminia maji. Walizungumza kidogo juu ya bei ya mahindi Kitale. Phineas alikila kichwa chote, mpaka mifupa midogo ya shavuni, na akaaga mapema.

*

Jumapili Griffin aliendesha, Phineas akiwa mbele na Mogga nyuma, kofia yake magotini. Walipita kipande cha kwanza, cha pili na cha tatu kwa ulaini, changarawe ikilia chini ya magurudumu. Penye kona ya kanisa Griffin alikanyaga breki.

Turubai la bluu lilikuwa limefungwa barabarani, kutoka mtaro hadi mtaro. Chini yake kulikuwa na viti vya plastiki, mikeka, na moto. Wanawake waliovaa nguo nyeupe walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini.

"Na hii ni nini tena?" Griffin alisema.

Akapiga honi.

Wimbo haukukatika mara moja. Ulipungua, sauti baada ya sauti, kama watu wanaotoka chumbani mmoja mmoja. Griffin alionyesha kwa mkono kwamba wasogee. Kisha akapiga honi ya pili, ndefu.

"Zima gari, injinia," Mogga alisema kutoka nyuma. Alikuwa ameshashika mlango.

Mwanamke mmoja aliinuka mkekani. Alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunga kitambaa cheupe kiunoni. Alikuwa ndiye mjane wa Fortunato Lokosang, na watu walimwita Mama Jokudu. Alikaa Uganda ukimbizini miaka mingi na alirudi na Kiswahili cha huko. Alikuja mpaka dirishani kwa Griffin bila haraka.

"Wewe umefiwa na nani," aliuliza, "mpaka gari yako inalia hivi?"

Griffin alitafuta tabasamu. "Pole, mama. Tunapita tu. Ni kazi ya serikali."

"Malesh, Mama," Mogga aliomba radhi, akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akageuka. "Injinia, ulisimama hapa siku tatu na hujui hii ni nini?"

Phineas alishuka. "Mama, bika ya mwezi uliopita, mzee alipofariki, ilikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Jumatano mpaka Jumamosi. Vijana leo hawakuchimba hata kidogo. Walitafuta mashimo yao yale yale, wakatia miti. Angalia."

Mogga aliangalia. Alitembea kutoka nguzo hadi nguzo. Kila moja ilikuwa imeingia kwenye shimo kuukuu, na pembeni kamba zilikuwa zimekazwa kwenye vigingi vilivyorudi mshazari mahali pao. Alipiga goti kwenye shimo moja lililobaki wazi, akaingiza vidole. Udongo ulimomonyoka mkononi. Phineas alimpa ile spoki. Mogga aliichomeka, ikazama.

"Rola ilipita hapa siku hizo, mama?" Phineas aliuliza.

"Rola!" Kicheko kidogo cha uchungu kilipita mikekani. "Ipite tukiwa tumelala chini?"

"Na huyu bwana, umewahi kumwona?"

Mama Jokudu aliinama, akamtazama Griffin usoni, bila chuki, kama anayetafuta sura ya mtoto wa jirani. "Mganda ya tipa tunamjua, alimbeba baba yao na hakukubali hata pesa ya mafuta. Vibarua ya barabara tunawajua, walikula hapa siku zote. Huyu hapana. Angekuwa hapa, angekula. Hapa mtu hapiti bila kula."

"Labda nilichanganya tarehe," Griffin alisema. "Ilikuwa wiki ya pili yake. Mambo ni mengi."

"Ukachanganya siku tatu zote," Mogga alisema, "na hayo mashimo yakajifukua yenyewe baada ya rola yako kupita?"

Mikono ya Griffin ilikuwa bado kwenye usukani. Alimgeukia Phineas, akashusha sauti. "Phineas. Machimboni hatukupakia kitu. Mkubwa wangu ndiye aliyesema tuandike. Mimi nilikuwa hotelini, nawaongoza vibarua kwa simu. Wewe unajua maisha ya hapa. Tunakula meza moja."

"Najua," Phineas alisema. "Hayo ya mkubwa wako, mwambie Inspekta."

Mogga alinyoosha mkono kupokea ufunguo. Aliwapigia wa kituoni akiwa palepale, akizungumza Kiarabu cha Juba, na maneno ya mwisho Phineas aliyaelewa: mtoeni Mganda. Waliondoka kwa miguu, Inspekta na injinia, kwa njia ya nyuma ya kanisa. Gari lilibaki pua yake ikigusa kivuli cha turubai.

Maombi yalipokwisha, tipa lilikuja kuchukua viti. Lilisimama mbali, injini ikazimwa kabla ya kufika. Lubega alishuka akiwa na viatu vya mtu mwingine, akaenda kupiga magoti kwa Mama Jokudu, kisha akamwendea Phineas.

"Mzee. Ile maneno ya Kampala utaandika?"

"Nimetumwa kutafuta changarawe," Phineas alisema. "Kwamba kipande cha nne hakikufanyiwa kazi siku hizo, kwa sababu barabara ilikuwa na msiba, nitaandika. Tipa lilikuwa wapi, serikali haijaniuliza."

Lubega alishika mkono wake kwa mikono yote miwili, akauachia, akaenda kubeba viti.

Phineas alikuwa anageuka kuondoka Mama Jokudu alipomsukumia kiti. Sahani ya asida, ugali wa huko, na mchuzi wa mlenda ilikuwa tayari juu yake. Aliichukua, akakaa na kula. Mjane alikaa mkekani kando yake.

"Sasa serikali itatengeneza barabara yetu lini?"

"Sijui, mama. Kwanza pesa zitasimamishwa. Labda baada ya mvua."

"Basi mimi nitakunywa vumbi kwa sababu wewe umesema ukweli."

"Ndiyo, mama."

Aliwaza, akakubali kwa kichwa. "Si kitu. Tumekunywa vumbi nyingi ya uongo." Vijana walikuwa wanang'oa nguzo, na turubai lilishuka upande mmoja. "Wewe una nani hapa Juba?"

Phineas alitafuna polepole. "Niko peke yangu."

"Peke yako kabisa? Sasa wewe ukifa," Mama Jokudu aliuliza kwa upole, kama anayetaka kujua ili apange mapema, "turubai yako watafunga barabara gani?"

Phineas alitazama mashimo yaliyoachwa na nguzo, moja baada ya jingine mpaka mtaroni.

Alirudi hotelini jua likiwa bado juu ya maji. Habari ilishafika. Meza ilikuwa imejaa na mazungumzo yakapungua alipokaribia. Kwenye kiti cha Phineas, Virginia alikuwa ameweka mkoba, na mkono wake ukabaki juu ya mkoba huo. Phineas aliwasalimu wote, wakaitikia. Akachukua sahani yake jikoni, samaki mzima na kichwa chake, akaenda kukaa upande wa jenereta, ambako hakuna aliyependa kukaa kwa sababu ya kelele.